Msimulizi wa Ijumaa Kuu

Lucian alifika kwake alasiri, akaweka kifurushi chini, akafungua kinywa apige hodi. Hodi haikutoka. Kilichotoka ni upepo, kama wa tairi la baiskeli linalovuja. Akakaza shingo yake iliyofungwa bendeji, akajaribu tena, na safari hii hata ule upepo ukamwishia njiani. Basi mtu ambaye hodi yake ilikuwa ikisikika mpaka barabara ya Morogoro, akaanza kugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa kidole, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Nani?" Honorata, mkewe, aliuliza kutoka uani.

Akagonga.

"Nani wewe usiye na jina? Sema basi!"

Akagonga kwa ngumi. Honorata akatoka na mwiko mkononi, uso ameukunja tayari kumkaripia mtoto mtundu. Alipomwona mumewe, mkono wenye mwiko ukashuka polepole.

"Baba Benedikta! Mbona husemi?"

Lucian akagusa shingo. Pale palipokuwa na rovu, lile tezi lililomkaba hata akawa halali chali, sasa palikuwa bapa. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa amemwonya mapema kwamba mishipa ya sauti imepita papo hapo, na kwamba yeyote akubaliye kukatwa rovu kubwa namna ile akubali na hatari yake. Lucian alikubali. Alidhani hatari ni za watu wengine.

"Itarudi?" Honorata aliuliza walipoketi.

"Ya kusema, huenda," alinong'ona. "Ya kuimba, hapana."

Honorata alikwenda kumtengea maji ya kuoga, akakaa uani muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kupata moto.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1975. Lucian alikuwa katekista wa kigango cha Visiga na mwalimu wa kwaya yake. Padre alikuja kutoka parokiani mara moja kwa mwezi na katika Juma Kuu. Jumapili nyingine zote ibada ilikuwa mikononi mwa Lucian. Ujanani mwake wamisionari walimfundisha nyimbo za kale za Kanisa, zile zisizo na ngoma wala kinanda, sauti moja tu inayopanda na kushuka kama mtu anayezungumza na Mungu bila haraka. Kilatini kilikuwa kimekwisha kuondoka sehemu kubwa. Kwaya ilibaki na Kirie na Gloria za sikukuu, na juu ya yote ilibaki na Mateso ya Bwana, maneno ya Kiswahili kwa lahani ileile ya zamani, yakiimbwa Ijumaa Kuu. Padre huimba maneno ya Kristo, kwaya huimba ya umati, na Msimulizi huibeba hadithi yote kutoka bustanini mpaka kaburini. Msimulizi alikuwa Lucian. Watu walitoka Ruvu kwa miguu kuja kumsikiliza.

*

Jambo la kwanza alilojifunza Lucian ni kwamba watu hudhani asiyesema hasikii. Kwenye duka la ushirika, Isihaka muuza duka alimwinamia na kupaza sauti mpaka foleni nzima ikageuka.

"MWALIMU! UNATAKA SABUNI AU MAFUTA YA TAA?"

Lucian akaonyesha sabuni.

"SABUNI IMEKWISHA, MWALIMU! WALIOKUJA MAPEMA WAMECHUKUA!"

Naye alikuwa amekuja mapema. Alisimama pale tangu duka lilipofunguliwa, ila kila aliyekuja nyuma yake alisema, "Nipishe kidogo, Mwalimu," akapita, na yeye hakuwa na sauti ya kumwambia arudi nyuma.

Kwenye mafundisho ya Komunyo, watoto walistahimili kunong'ona kwake kwa heshima kwa dakika chache, kisha mmoja akamjibu kwa kunong'ona vilevile, na darasa zima likaanguka kicheko. Lucian aliwaruhusu waende nyumbani kabla ya wakati. Padre alipokuja, alimshika bega na kuzungumza naye kwa upole mwingi, na upole ule ndio uliomuuma zaidi.

"Pumzika, Lucian. Onesmo ataongoza ibada kwa sasa. Na ile posho ya katekista, unaelewa, itabidi imfuate anayeongoza."

Lucian akaitikia kwa kichwa. Posho yenyewe ilikuwa ndogo, lakini Benedikta, binti yao, alikuwa na kaptula ya michezo tu na sketi moja ya shule iliyokwisha kutiwa kiraka juu ya kiraka.

Onesmo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa kijiji, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya juu nyembamba, nzuri ikishikiliwa na wenzake. Tatizo ni kwamba hakuwa na kipimo. Kwenye mazoezi ya kwanza alianzisha Kirie juu mno, na walipofika kilele wanaume wazima wakatoa sauti za kuku wanaofukuzwa. Akaanzisha tena, chini mno, wakawa wananguruma. Lucian alisimama mbele yao akipandisha na kushusha mkono, lakini mkono haumpi mtu sauti ya kuanzia.

"Ndugu zangu," Onesmo alisema, akijipangusa jasho, "kwa nini tujitese? Mwaka huu Mateso tuyasome tu. Kusoma si dhambi."

Wengine wakatazama chini. Hakuna aliyekubali, lakini hakuna aliyekataa. Lucian alichukua kofia yake akaenda.

*

Jirani yao wa karibu alikuwa Mwinshehe, fundi baiskeli, na mkewe Kidawa. Bi Kidawa alikuja asubuhi na kibuyu cha asali, akakiweka kizingitini.

"Pole, baba. Ulambe hii kidogo kidogo. Mwenyewe Mwinshehe anasema Jumamosi hizi hapati usingizi wa mchana, kazoea kubembelezwa na kwaya yenu." Akacheka, kisha akapoa. "Lakini Mungu hakukunyima vyote. Kakuachia ile sauti nyingine."

Lucian akainua nyusi.

"Ya mkeo! Kwani hujui? Mihogo yote ya shamba la kijiji tunaipalilia kwa sauti yake. Mie Mwislamu, hayo mnayoyasema si yangu, lakini jembe langu linayapenda."

Siku ya zamu ya shamba Lucian alikwenda akasimama nyuma ya mikorosho, mahali wanawake hawawezi kumwona. Walikuwa wamejipanga mstari, migongo imeinama, na katikati yao Honorata alikuwa akiimba. Hakuwa akiimbia puani kama mtu anayejiliwaza. Alikuwa akiimba Mateso, ile sehemu ya Petro anayeota moto uani kwa kuhani mkuu. Majembe yalishuka mwisho wa kila sentensi, yote pamoja. Pale mjakazi anapomuuliza Petro, sauti ilipanda kidogo, ikangoja, ikashuka bila kuanguka. Ilikuwa sauti nzito kwa mwanamke, isiyo na madoido, na ilijua inakokwenda.

Miaka ya baadaye Lucian alipenda kusimulia kwamba alifurahi. Si kweli. Siku ile alijisikia kama mtu aliyealikwa harusini akamkuta mwingine amevaa kanzu yake, na imemkaa vizuri kuliko ilivyomkaa yeye.

"Nani alikufundisha?" alimnong'oneza jioni, kabla hajatua kuni.

"Nini?"

"Mateso. Nimekusikia."

Honorata akatua kuni. "Wewe."

"Mimi sikukufundisha."

"Kila Kwaresima unafanya mazoezi hapa uani, mimi nachambua mchele pale. Ulidhani masikio yangu nimeyaziba kwa ugali?"

"Hukuniambia kamwe."

"Nilikuambia." Alisema bila ukali, akijipangusa vumbi la kuni mikononi. "Mwaka aliopokea Benedikta Komunyo nilikuambia nataka kuingia kwaya. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Lucian alikumbuka. Alisema: Ukiingia kwaya, ugali atausonga nani? Wanakwaya walikuwapo, wakacheka, naye akacheka nao, na mkewe akaingia ndani kuchukua sahani.

Siku zilizofuata waliishi kama abiria wa basi moja. Walipishana mlangoni, wakapeana chumvi, wakasalimiana. Benedikta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akala haraka na kukimbilia kwa Bi Kidawa.

*

Mazoezi ya pili yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza, na Onesmo akatangaza kwamba uamuzi ni kusoma. Lucian alirudi nyumbani akamkuta Honorata anaosha vyombo. Akachuchumaa karibu naye ili asilazimike kujikamua.

"Mama Benedikta. Ijumaa Kuu, niimbie."

"Nikuimbie wewe?"

"Ushike nafasi yangu."

Honorata aliendelea kusugua sufuria. "Na baada ya Pasaka?"

"Baada ya Pasaka… tutaona. Sauti ikirudi…"

"Na isiporudi? Na hata ikirudi?" Akaifunika sufuria juu ya uchanja. "Mimi si redio, baba Benedikta, uniwashe Ijumaa Kuu unizime Jumatatu ya Pasaka. Mtafute Onesmo."

Akajitwika ndoo akaenda kisimani.

Lucian alibaki amechuchumaa. Jua lilikuwa linashuka, na jikoni moto ulikuwa umewashwa, maji yameanza kuchemka. Alikaa akiyatazama mpaka yakatokota. Kisha akaingia, akachota unga, akaumimina wote kwa mkupuo mmoja, akashika mwiko. Mtu ambaye hajapata kusonga ugali anadhani ni kazi ya mikono. Sufuria ilizunguka pamoja na mwiko, moshi ukamwingia machoni, unga mwingine ukabaki mkavu katikati na mwingine ukashika chini. Benedikta alichungulia mlangoni, akaziba kinywa kwa viganja viwili.

Honorata aliporudi alikuta ugali mezani, umekaa upande, una madonge makubwa kama ngumi za mtoto. Alinawa. Akamega. Donge likapasuka na unga mkavu ukamwagika juu ya mboga. Hakucheka, ingawa Benedikta alikuwa karibu kupaliwa.

"Utakuwa mwanakwaya," Lucian alinong'ona. "Kama wengine wote. Kabla ya Pasaka na baada yake. Nilikosea siku ile, na nilikosea mbele ya watu."

Honorata alitafuna kwa muda.

"Kesho tuanze," alisema. "Lakini ugali uniachie mimi. Unga wenyewe wa foleni."

Kuanza kwenyewe kulikuwa na vichekesho vyake. Lahani Honorata aliijua yote, maneno aliyajua yote, ila kila alipofika kwa Pilato alisimama ghafla katikati ya sentensi, akakaa kimya, kisha akaendelea. Lucian akamwashiria arudie. Akasimama palepale.

"Mbona unakata hapo?"

"Si wewe hukata hapo?"

Lucian alifikiri sana. Kisha akaelewa, akajishika paji la uso. Kwa Pilato ndipo alipokuwa akisimama kila mwaka ili awafukuze kuku wa jirani waliokuja kudonoa mchele uani. Mkewe alikuwa amejifunza na kuku pia.

*

Walipokwenda pamoja kwenye mazoezi, wanaume waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Mzee Hilario, mwenyekiti wa kigango, ndiye aliyesema kwanza.

"Lucian, sisi na wewe tumetoka mbali. Mama tunamheshimu. Lakini Mateso ya Bwana yasimuliwe na mwanamke? Parokiani watatucheka."

"Mimi sina ugomvi na mama," Onesmo akaongeza. "Ila tumekwisha kuamua tusome."

Lucian alianza kujibu, na wote wakainama mbele kumsikia, na katika kule kuinama kwao hoja yake ikapoteza nguvu. Honorata alikuwa amesimama karibu na mlango, khanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kufagia. Hakungoja waelewane.

"Shikamoo Mzee Hilario. Suala hili tumpelekee Padre Jumapili ya Matawi. Akikataa, nitarudi kwenye benchi langu."

Padre aliwasikiliza katika chumba kidogo cha kuvalia, matawi yakiwa yameegemezwa ukutani. Alikuwa amechoka na njia, na Lucian aliona kwamba alitaka jambo liishe upesi.

"Imba kidogo, mama," alisema, akitafuta stola yake.

Honorata aliimba. Padre akaacha kutafuta. Alipomaliza sehemu ya bustanini, Padre alikuwa ameketi.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Wanawake wa zamu ya shamba, Padre. Na mihogo."

Padre akatabasamu, kisha akawatazama wazee, akapima. "Ninavyoelewa taratibu mpya, mwanamke anaweza kusoma neno kanisani, lakini asimame nje ya kizuizi cha altare. Sisi tutakuwa ndani. Wewe nje, mama. Utakubali?"

Lucian aliona aibu ikimpanda usoni kwa niaba ya mkewe. Yeye alisimama ndani ya kizuizi kile miaka yote, karibu na mimbari.

"Nitakubali, Padre," Honorata alijibu. "Kizuizi ni cha mbao. Sauti itapita."

*

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa hata watu wakasimama madirishani. Joto lilikuwa limetulia kama mtu mzito. Habari zilikuwa zimetangulia. Wengine walikuja kusali na wengine kuona. Padre, Onesmo na kwaya walikuwa ndani ya kizuizi. Honorata alisimama nje, juu ya sakafu ya saruji, ubavuni mwa mabenchi ya wanawake, amevaa gauni lake la kijani na kitambaa cheupe. Lucian alisimama mbele yake, mgongo kwa altare, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani.

Akainua mkono. Honorata akaanza, chini mno. Mtu akaguna nyuma. Mzee Hilario akaondoka kwenye nafasi yake, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, na wote wakamwona. Sauti ya Honorata ikatetemeka. Lucian hakumtazama Hilario. Alimtazama mkewe tu, akapandisha mkono, kidogo, kidogo tena, na sauti ikapanda nao mpaka ikapata mahali pake. Hapo ikatulia.

Alipofika kwenye umati unaopiga kelele mbele ya Pilato, kwaya iliingia vibaya, kila mtu na sauti yake. Onesmo akawa mwekundu wa macho. Honorata alipopokea tena, hakukimbilia mbele. Alilivuta neno la mwisho la sentensi yake, akalishikilia, akalishikilia mpaka Onesmo akageuka, akamtazama juu ya kizuizi, akaelewa kwamba anapewa sauti ya kuanzia. Mara hii umati ukaingia kama mtu mmoja.

Alipoimba kwamba mama yake Yesu alisimama karibu na msalaba, mtoto wa Eugenia, mmoja wa wanawake wa zamu ya shamba, alianza kulia kwenye benchi la jirani. Eugenia akanyanyuka amtoe nje. Honorata, bila kukatisha, akanyoosha mkono wa kushoto akamwashiria abaki. Akaimba huku mtoto analia, na wanawake waliokuwa wamekaa kimya katika mabenchi yale maisha yao yote wakainua nyuso.

Kisha Bwana akainama kichwa. Kanisa zima likapiga magoti. Katika kimya kile Lucian alitambua kwamba alikuwa akivuta pumzi pamoja na mkewe tangu mwanzo, na kwamba uchungu aliokuja nao kanisani hakuwa nao tena. Umepotelea njiani asijue wapi. Akatupa macho dirishani. Nje, juu ya mchanga, Mzee Hilario naye alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi.

Ibada ilipokwisha watu walitoka bila maneno, kama inavyopasa siku ile. Onesmo alimngojea Honorata kwenye ngazi, akichezea kalamu zake.

"Mama, pale kwa Pilato, kwenye umati, tulipotea."

"Mlipotea, mkarudi."

"Tulirudishwa." Akakohoa. "Mazoezi ya Pasaka ni kesho asubuhi. Uje mapema kidogo, utupimie sauti."

*

Sauti ya Lucian ilirudi nusu. Kufikia mavuno ya mpunga aliweza kusema, kwa mkwaruzo kama wa mtama unaosagwa. Kuimba hakuimba tena. Padre alimwachia Onesmo kuongoza ibada, akamrudishia Lucian mafundisho na kwaya, na posho wakagawana, jambo ambalo liliwaudhi wote wawili kwa kiasi sawa. Kwaya ikapata wanawake, kwanza Eugenia na mwenzake wa shambani Bertha, kisha wengine. Mzee Hilario alilalamika kwamba mabenchi hayatoshi, akamtuma fundi atengeneze lingine.

Baada ya mvua za vuli, wazee wa kigango cha Vihingo, upande wa Kisarawe, waliwaita wakawafundishe Mateso na Misa ya kuimba. Walikwenda juu ya lori la mkaa, kisha kwa miguu msituni, Honorata mbele na Lucian nyuma. Waimbaji wa Vihingo walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya kanisa la udongo. Mwenyeji wao, Mzee Athanas, aliwapokea kwa heshima zote, "Tumsifu Yesu Kristo," wakajibu, "Milele amina," akamkaribisha mwalimu kwenye kiti cha pekee kilichowekwa mbele. Mkeka ulikuwa umetandikwa pembeni kwa ajili ya mama. Honorata akavua viatu aende mkekani.

Lucian hakuketi. Akamwambia Mzee Athanas kitu, na Mzee Athanas akainama kwa kuwa mkwaruzo ule hakuuzoea.

"Umesemaje, Mwalimu?"

"Nimesema, mwalimu ni huyu. Mimi namsaidia. Ongezeni kiti."

Mzee Athanas alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kiti kingine hakikuwapo. Kijana mmoja akatumwa nyumba ya tatu, kwa Mzee Zahoro, ambaye si Mkristo lakini ana viti. Waimbaji wakangoja. Lucian akangoja, amesimama, mkono juu ya kile kiti kitupu, na Honorata amesimama na viatu mkononi, anatazama chini, anajizuia kucheka.

Kiti kilipoletwa alikifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akaketi, akavaa viatu vyake.

"Haya," aliwaambia. "Mvute pumzi kwanza. Na hao kuku mwafukuze sasa hivi."